Askari wa Risasi na Historia ya Gisenyi

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo watu wengi huzidharau kuwa ni mchezo wa watoto, imo kazi ya kuunga na kupaka rangi sanamu ndogo za askari zilizotengenezwa kwa madini. Makala haya yana nia ya kuonyesha kwamba kazi hiyo, ikifanywa kwa uangalifu, yaweza kumfaa mwalimu wa historia, na hata mwalimu wa lugha. Mfano wetu utatoka Gisenyi, mji wa Rwanda ulio kando ya Ziwa Kivu, mkabala na Goma, ambao leo umo katika wilaya ya Rubavu.

Sanamu hizi zina asili ya Ulaya. Mafundi wa Nuremberg, Ujerumani, walizitengeneza kwa bati, nyembamba kama sarafu. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kutoa askari walio wazi ndani, na bei ikashuka. Baadaye zikaja sanamu za kuungwa, zilizokusudiwa watu wazima: kiwiliwili, kichwa, mikono, bunduki na shanta, kila kipande mbali. Kimo kilichozoeleka ni milimita 54. Madini ya zile za zamani ni mchanganyiko wa risasi na bati. Yafaa ikumbukwe kwamba katika Kiswahili madini hayo na kile kitokacho mtutuni vina jina moja.

Kazi yenyewe ina taratibu zake. Kwanza hukwanguliwa kwa tupa ule mshono ulioachwa na kalibu. Kisha vipande huoshwa kwa maji na sabuni, kwa kuwa rangi haishiki penye mafuta. Vumbi la risasi ni sumu, hivyo hapana budi kulikusanya kwa kitambaa chenye unyevu na kunawa mikono kabla ya kula. Vipande hujaribiwa vikiwa vikavu, ndipo vikaungwa kwa gundi. Hufuata rangi ya chini, na juu yake rangi nyembamba, tabaka baada ya tabaka: kivuli katika mikunjo ya nguo, weupe kidogo mahali panapopata jua.

Hapo ndipo historia inapoingia, maana rangi ina tarehe. Asiyejua sanamu yake ni ya mwaka gani na ya mahali gani hawezi kuchovya brashi.

Tuseme sanamu yetu ni askari wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa Gisenyi mwaka 1914. Vita vilipoanza, jeshi hilo lilikuwa na kombania 14 katika Afrika Mashariki nzima, na kombania ya 11 ilikuwa Gisenyi na Ruhengeri. Nguo zake zitapakwa rangi ya kaki. Vitambaa vilivyozungushwa miguuni, buluu. Mikanda na vifuko vya risasi, hudhurungi ya ngozi. Tarabushi yake imefunikwa kitambaa cha kaki, na mbele ina tai wa madini. Bunduki yake huenda ikawa Mauser ya mwaka 1871, itiwayo risasi moja moja, ambayo baruti yake hutoa moshi mzito. Moshi huo ulimwonyesha adui mahali mpigaji alipo.

Ng'ambo ya mpaka walikuwako askari wa Kikongo waliotumikia Wabelgiji. Mwaka 1914 hao walivaa buluu, kofia nyekundu na mshipi mwekundu kiunoni. Vita vikiendelea, nao wakavishwa kaki. Kwa hiyo mchoraji akipaka buluu amesema jambo moja, na akipaka kaki amesema jingine.

Mwezi Septemba 1914 Wajerumani waliteka kisiwa cha Ijwi. Wabelgiji nao walijaribu kuitwaa Gisenyi, lakini majeshi ya Kapteni Max Wintgens yaliwazuia. Hali ilidumu hivyo hata mwaka 1916, Jenerali Tombeur alipoamuru mashambulizi makubwa. Kigali ilianguka mwezi Mei, na Wintgens, akihofia kukatiwa njia kwa nyuma, akaihama Gisenyi. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelgiji waliingia Tabora.

Lakini sanamu, hata ikipakwa vizuri namna gani, haisemi yote. Nyuma ya kila askari walikuwako wapagazi waliobeba chakula, risasi na hata mizinga iliyovunjwa vipande. Kwa upande wa Wabelgiji peke yao walikuwa zaidi ya laki mbili. Huko Bugoyi, nchi inayoizunguka Gisenyi, chakula na nguvu za watu zilitwaliwa kwa ajili ya majeshi, na njaa iitwayo Rumanura ikaua watu wengi kati ya miaka 1916 na 1918. Mkulima aliyenyang'anywa maharage yake hakufanyiwa kalibu.

Upungufu huu haumo katika sanamu ndogo tu. Sanamu ya shaba iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 ni ya askari mmoja mwenye bunduki; wapagazi wametajwa katika maandishi yaliyo chini yake. Ile ya Nairobi, ya mwaka 1928, ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Tofauti hiyo yastahili kujadiliwa darasani.

Kwa mwalimu wa Kiswahili liko jambo jingine. Lugha yetu haikuingia Rwanda kwa vitabu peke yake. Ilifuatana na wafanyabiashara, na vilevile na askari hao waliopewa amri kwa Kiswahili. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda liliidhinisha Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Si vibaya wanafunzi wakijua kwamba neno walisomalo leo kwa amani liliwahi kusikika Gisenyi kama amri ya kufyatua bunduki.

Basi mwalimu apatapo sanamu ya namna hii, asiishie kuisifu. Awaulize wanafunzi: nguo hii ni ya mwaka gani? Nani alimbebea mtu huyu chakula? Na chakula hicho kilitoka katika shamba la nani?