Ala Zilikuwa za Nani?

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilinunua ala kikaunda bendi: NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Magitaa, spika, saksafoni, tumba: vyote mali ya shirika. Mpiga solo akihama bendi, gitaa lilibaki. Historia ya muziki wa Dar es Salaam huandikwa kwa majina ya waimbaji na watunzi, lakini ukitaka kuielewa kwa undani, uliza kwanza ala zilikuwa za nani.

Miaka hiyohiyo, mbali na hapa, ilikuwa inatengenezwa mashine ya kumwezesha mtu mmoja kuwa bendi nzima. Sampla ya Fairlight ya Australia ilitoka 1979, kwa bei ya kununulia nyumba. Mwaka 1983 watengenezaji walikubaliana lugha moja ya kuunganisha vyombo vyao, MIDI. Mwaka 1988 Akai ya Japani ikatoa sampla S1000, na mwaka huohuo ikatoa MPC60, iliyobuniwa na Mmarekani Roger Linn.

Utendaji wa mashine hizi ndio uliobadilisha kila kitu. Sampla hurekodi kipande cha sauti yoyote, kisha hukipiga juu au chini kwa kufuata noti unazoipa. Sikwensa, yaani kifaa cha kupanga noti, yenyewe haitoi sauti hata kidogo. Inatuma maagizo tu: noti gani, ibonyezwe kwa nguvu kiasi gani, iachiwe lini. Waya mmoja wa MIDI una chaneli 16, kwa hiyo sampla moja yenye sehemu nyingi hupokea besi kwenye chaneli ya kwanza, rizimu kwenye ya pili, fidla kwenye ya tatu, ngoma, kwa mazoea, kwenye ya kumi, na zote zinalia pamoja. Shida ilikuwa kumbukumbu. S1000 ilitoka kiwandani na megabaiti 2, sawa na sekunde ishirini na kitu za sauti ya mono. Maprodyuza walikuwa na ujanja: rekodi santuri ikizunguka kwa kasi zaidi kuliko kawaida, kipande kiwe kifupi, halafu kishushe ndani ya mashine.

Dar es Salaam ilichelewa kuziona mashine hizi kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hata nyuzi za gitaa zilikuwa adimu. Mwaka 1984 serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa, shehena za wafanyabiashara binafsi zikaongezeka bandarini, na Kariakoo ikajaa redio kaseti, spika na vinanda vya umeme. Taarabu ndiyo iliyovishika vinanda hivyo mapema. Kufikia miaka ya 1990, katika taarabu ya kisasa, kinanda kimoja kilikuwa kikibeba sehemu za fidla, kodiani na kanuni. Wazee walilalamika, na kwa haki: ajira za wapigaji zilipungua.

Vijana wa rapu walianzia kwingine. Saleh Jabir alirap Kiswahili juu ya midundo ya Kimarekani mwaka 1991. Midundo ya kwetu ilihitaji studio, na studio zikaja: MJ ya Master J, Bongo Records ya P-Funk Majani. Mwaka 2001 rapa Professor Jay alipotoa albamu ya Machozi, Jasho na Damu, hakuhitaji shirika lolote limnunulie magitaa. Prodyuza mmoja na vyombo vyake vilitosha.

Kisha kompyuta ikaimeza mashine. Sampla na sikwensa zikawa programu, na Mburahati, Tandale na Manzese vijana wakakata vipande vya taarabu, wakavizungusha, wakavikimbiza hadi mapigo 200, hata 300 kwa dakika. Huo ndio muziki wa singeli. Kasi ambayo maprodyuza wa zamani waliitumia kubana kumbukumbu, wao waliifanya ndiyo muziki wenyewe. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa albamu ya Sounds of Sisso, na dunia ikasikia kilichokuwa kikichezwa kwenye vigodoro, sherehe za usiku za mtaani.

Kwangu huo ni ushindi mkubwa: ala zimetoka mikononi mwa mashirika zikaingia chumbani kwa kijana. Lakini yule mpiga fidla au kinanda ambaye sekunde zake nne zinazungushwa usiku kucha, mara nyingi hatajwi wala halipwi, ingawa sheria ya hakimiliki ya 1999 tunayo. Prodyuza unayesoma hapa, ukikata kipande, andika jina la aliyekipiga kwenye kazi yako, mtafute yeye au wanawe, na mkubaliane fungu lake kabla wimbo haujatoka.