Watoto 123 na daftari ambalo halikufungwa

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo siandiki kuhusu simu mpya wala programu mpya. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya chekechea, na mwishoni mtaona inavyotuhusu sisi tunaoshinda mbele ya tarakilishi.

Nianze na kosa langu. Miaka kadhaa iliyopita nilikitengenezea kikundi kimoja chenye nasari chache mfumo mdogo wa mahudhurio. Mwalimu anajaza idadi, mfumo unajumlisha, mwisho wa mwezi inatoka ripoti yenye grafu za rangi. Wafadhili walifurahi. Kila Januari nilifuta watoto waliokwisha kuhitimu ili hifadhidata isijae. Siku moja mwalimu mmoja, mama wa makamo, akaniuliza: "Kijana wangu, hawa tuliowafundisha mwaka juzi wanaendeleaje huko shule ya msingi? Mashine yako inaweza kuniambia?"

Sikuwa na jibu. Mashine ilijua ni watoto wangapi walifika mwezi wa Machi. Haikumjua mtoto hata mmoja.

Swali la yule mama ndilo lililonipeleka Ypsilanti, mji mdogo katika jimbo la Michigan, Marekani. Mwaka 1962 David Weikart, aliyesimamia huduma maalum katika shule za umma za mji huo, alianzisha na wenzake chekechea katika shule ya Perry. Watoto weusi kutoka familia maskini walikuwa wakianguka madarasani na kuacha shule, naye alitaka kujua kama kuwaanza mapema kungesaidia. Walichaguliwa watoto 123 wa miaka 3 na 4. 58 waliingia chekechea, 65 hawakuingia, na mgawanyo ulifanywa kwa bahati nasibu. Waliopata nafasi walisoma kama saa mbili na nusu kila asubuhi, na mara moja kwa wiki mwalimu aliwatembelea nyumbani akakaa na mama na mtoto. Wengi walipata miaka miwili. Mwaka 1967 masomo yakaisha.

Matokeo ya kwanza yalikuwa matamu. Alama za vipimo vya akili za watoto wa chekechea zilipanda haraka na kuwaacha wenzao mbali. Kisha zikaanza kushuka. Watoto walipokaribia miaka 10, tofauti ilikuwa imeyeyuka.

Wakati huo huo serikali ya Rais Lyndon Johnson ilikuwa imeanzisha Head Start mwaka 1965, mpango mkubwa wa chekechea kwa watoto maskini nchi nzima. Mwaka 1969 ilitoka tathmini ya Westinghouse na Chuo Kikuu cha Ohio, ikasema mafanikio ya Head Start hayadumu, hasa ya ile iliyofanyika likizo ya kiangazi peke yake. Wapinzani wakapata la kusema: pesa zimemwagwa bure.

Hebu fikiria kama Weikart angefunga daftari hapo. Sisi leo tungesoma kwamba chekechea ya Perry ilishindwa, na tungekuwa na takwimu za kuthibitisha!

Hakulifunga. Watoto walipimwa kila mwaka hadi umri wa miaka 11, kisha wakatafutwa tena wakiwa na 14, 15, 19, 27 na 40. Hapo picha ikageuka. Katika umri wa miaka 40, asilimia 60 ya waliopitia chekechea walipata dola 20,000 au zaidi kwa mwaka, dhidi ya asilimia 40 ya wale wengine. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, dhidi ya 55. Kipimo cha akili hakikuona haya yakija. Kilichoyaona ni kumfuata mtu yule yule kwa miaka mingi.

Lakini namba iliyonishika mimi ni nyingine: katika umri wa miaka 40, asilimia 97 ya waliokuwa hai walihojiwa. Kwa watu waliohama, walioolewa na kubadili majina, na wengine waliofungwa jela! Na kazi ilianza enzi ambazo tarakilishi zililishwa kadi za kutoboa.

Faida nyingine ya kutunza ni kwamba wengine wanaweza kukagua. Mgawanyo ule wa bahati nasibu haukufuatwa kikamilifu. Baadhi ya watoto walihamishwa kundi kwa sababu mama zao walikuwa kazini na hawangeweza kutembelewa. Mwaka 2010 James Heckman, mshindi wa Nobel ya uchumi ya mwaka 2000, na wenzake walirudia hesabu wakizingatia dosari hiyo. Bado walipata kwamba faida kwa jamii ilikuwa kati ya asilimia 7 na 10 kwa mwaka. Tusizidishe chumvi lakini: ni watoto 123 wa mji mmoja, na huwezi kuibandika Ypsilanti juu ya Turkana au Kilifi.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 iliwapa kaunti elimu ya chekechea, shule ya msingi ikabaki kwa serikali ya kitaifa. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilileta NEMIS, mfumo uliompa mwanafunzi namba yake ya kipekee, UPI. Ilikuwa hatua nzuri. Lakini angalia vizuri: mtoto anapotoka chekechea kuingia darasa la kwanza, anavuka pia kutoka serikali moja kwenda nyingine. Hapo ndipo uzi hukatika kwa urahisi, na hapo ndipo swali la yule mwalimu linapoanzia. Kujua chekechea gani inasaidia kunahitaji namba moja inayovuka mto pamoja na mtoto.

Kumfuata mtoto si ruhusa ya kumchungulia. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka mzazi au mlezi akubali kwanza, na ni haki yake.

Nilirudi kwenye ule mfumo wangu. Sasa kila mtoto ana namba isiyobeba maana yoyote, jina lake limewekwa kando kwenye jedwali lenye kufuli, na Januari hafutwi mtu. Ripoti za mwezi zimebaki na grafu zao. Wale wa mwaka juzi sikuweza kuwarudisha. Nilikuwa nimewafuta kwa mkono wangu, na nakala ya akiba sikuwa nayo. Nilimwambia mwalimu ukweli huo. Akanijibu, "Basi tuanze na hawa waliopo."

Ndugu yangu unayetengeneza mfumo wa nasari leo, kabla hujabonyeza kitufe cha kufuta, kumbuka Ypsilanti. Tuonane wiki ijayo.