Kamani

Gereji nyingi siku hizi husema springi tu, iwe ya koili au ya mabapa. Kamusi bado zinalo jina kongwe: kamani. Kwa Kiajemi, kaman ni upinde, na ndivyo yalivyo yale mabapa ya chuma chini ya pikapu: yakilemewa hunyooka, mzigo ukishuka hupinda tena.

Anayechagua kamani za gari la porini aanze na mzigo, si kimo. Nguvu iko kwenye unene: bapa likiwa nene mara 2, ugumu wake hupanda mara 8. Mabapa machache manene hubeba saruji bila kulalamika, ila gari likiwa tupu hurukaruka na tairi huachana na ardhi. Mengi, marefu na membamba hufuata mashimo vizuri, na msuguano kati yake hupunguza mtikiso.

Mwaka 1999 Toyota iliweka koili mbele ya Land Cruiser 70. Nyuma, unakokaa mzigo, ikabakiza kamani. Basi fundi akikuongezea bapa ili gari liinuke tu, ujue amekuuzia ugumu.