Mambo ya kukagua kabla ya kumkabidhi fundi bomba kazi ya nyumba

Na Mwandishi Wetu

Wananchi wengi wanaojenga au kukarabati nyumba huuliza swali moja tu wanapokutana na fundi bomba: ni shilingi ngapi? Swali hilo ni la haki, lakini halipaswi kuwa la kwanza. Kwa utaratibu wa huduma ya maji nchini, dira ya maji ndiyo mpaka wa majukumu. Miundombinu inayofika kwenye dira husimamiwa na mamlaka ya maji ya eneo husika. Kuanzia dira kuingia ndani, mabomba ni mali ya mteja, na maji yanayovuja huko huhesabiwa kuwa yametumika.

Uniti moja katika ankara ni lita 1,000. Kiungio kinachovujisha lita moja kila baada ya dakika tano hupoteza lita 288 kwa siku, yaani zaidi ya uniti nane kwa mwezi. Kiungio hicho kikiwa ndani ya ukuta au chini ya sakafu, mwenye nyumba atalipia maji hayo kwa miezi kadhaa kabla ya kuona unyevu.

Jambo la kwanza la kukagua ni ujuzi wa fundi. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inasimamia mafunzo ya ufundi bomba katika hatua ya kwanza hadi ya tatu, na mhitimu hupewa cheti. Wapo pia mafundi hodari waliojifunza kazini bila kuingia darasani. Hao wanaweza kupimwa na kutambuliwa na VETA kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mwananchi aombe kuona cheti pamoja na kitambulisho, na ahakikishe majina yanafanana. Ikiwa anayeajiriwa ni kampuni ya ukandarasi, usajili wake uthibitishwe katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1997.

Hata hivyo, cheti hakioneshi kazi ilivyodumu. Ni vyema kutembelea nyumba ambayo fundi aliifanyia kazi mwaka mmoja au miwili iliyopita, na kumuuliza mwenyeji iwapo ukuta umewahi kubomolewa kutafuta uvujaji. Nyumba iliyokamilika wiki iliyopita haithibitishi lolote, kwa kuwa bomba jipya huonekana zuri kwa kila fundi.

Swali linalotenganisha mafundi ni hili: utapimaje mabomba kabla ya kupiga plasta? Wengi hujibu kwamba watafungulia maji ya tangi na kuangalia. Jibu hilo halitoshi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa shinikizo la takribani baa 1. Hivyo tangi lililo mita 4 juu ya koki hutoa kiasi cha baa 0.4 tu, wakati maji yanayotoka moja kwa moja kwenye mtandao wa mamlaka yanaweza kuwa na shinikizo kubwa mara kadhaa ya hapo. Kiungio kinachostahimili tangi kinaweza kuachia siku ambayo maji ya mtandao yanakuja kwa nguvu. Fundi anayejua kazi yake huziba ncha zote, hujaza maji kwa pampu ya kupimia, husoma geji na kuacha mfumo katika shinikizo hilo kwa muda mliokubaliana huku mwenye nyumba akishuhudia. Geji ikishuka, uvujaji utafutwe kabla saruji haijachanganywa.

Maji taka yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Bomba lake linahitaji mteremko, takribani sentimita 2 kwa kila mita, na chemba ya ukaguzi panapokuwa na kona. Lisilazwe katika mtaro mmoja na bomba la maji safi. Katika maeneo yenye mgao, bomba la maji safi hubaki bila shinikizo kwa saa nyingi, na ufa mdogo uliokuwa ukitoa maji unaweza kuingiza uchafu. Kipindupindu hupita kwa njia kama hiyo.

Fundi anayejitolea kusogeza dira, kuifungua au kuunganisha bomba kabla ya dira akataliwe papo hapo. Kuchezea dira na kujiunganishia maji ni makosa chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019, na nyumba inayonufaika ina mwenyewe anayefahamika, wakati fundi keshaondoka.

Makubaliano yaandikwe: kazi, vifaa, muda, bei na awamu za malipo, huku sehemu ya fedha ikibaki hadi kipimo kifaulu. Mkataba wa mdomo unaweza kutambuliwa kisheria, ila kuuthibitisha ni kazi. Vifaa vinunuliwe na mwenye nyumba mwenyewe inapowezekana, vyenye alama ya ubora ya TBS, na risiti za kielektroniki zitunzwe. Ikumbukwe kuwa EWURA hushughulikia malalamiko dhidi ya mamlaka za maji. Mgogoro na fundi binafsi ni suala la mkataba, na ndipo karatasi hiyo inapohitajika.

Kabla ya plasta, picha za mabomba zipigwe kwa kila ukuta. Baada ya kazi, usiku mmoja koki zote zifungwe, pamoja na ile inayoingiza maji kwenye tangi, kisha namba za dira ziandikwe na kulinganishwa na za alfajiri. Zikiwa zimeongezeka, fundi aitwe kabla ya malipo ya mwisho.