Mtoto Anasoma Vizuri, Lakini Je, Anaelewa? Mazoezi ya Ufahamu na Fasihi Nyumbani, Darasa la Tano hadi Kidato cha Pili

Makala haya ni kwa ajili yako mzazi, mlezi, babu au bibi uliyeko Maneromango, Mzenga, Mlandizi, Soga na kwingineko katika Kisarawe na Kibaha, mwenye mtoto wa kati ya darasa la tano na kidato cha pili. Ukiwa na simu mkononi, soma polepole, kisha umwite mtoto mkae pamoja. Kama kusoma kunakupa shida, mwambie yeye akusomee. Hilo peke yake ni zoezi.

Nianze na yangu. Nilipokuwa nasomea cheti cha utangazaji, siku moja nilisoma taarifa ya bei za mazao mbele ya darasa. Sauti ilitoka vizuri, sikukwama hata neno moja, na wenzangu walinipigia makofi. Mwalimu akainuka, akachukua karatasi yangu, akaniuliza: "Hiyo bei uliyosoma ni ya kilo au ya gunia?" Sikujua. Nilikuwa nimesoma kila neno, lakini kichwani halikubaki hata moja.

Ndivyo ilivyo kwa watoto wetu wengi. Mtoto anafungua kitabu, anasoma kwa sauti, ukurasa unakwisha, na mzazi anafurahi: mwanangu anajua kusoma. Ukimwuliza habari ile imehusu nini, anarudi kwenye kitabu na kuanza kukusomea upya. Anajua kutamka, bado hajajua kuelewa.

Kwa nini jambo hili ni zito

Mpango wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, unamjengea mtoto msingi katika madarasa ya mwanzo. Kuanzia darasa la tano mambo hubadilika. Mtoto hasomi tena ili ajifunze kusoma. Sasa anasoma ili ajifunze mambo mengine: sayansi, historia, uraia. Asiyeelewa anachosoma hubaki nyuma katika masomo yote kwa pamoja, hata kwenye hisabati, kwa sababu mafumbo ya hesabu nayo huandikwa kwa maneno.

Katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza shule ya msingi, mtoto hukutana na kifungu cha habari, methali, nahau na shairi. Katika upimaji wa kidato cha pili hukutana na ufahamu, ufupisho na fasihi. Zaidi ya hapo, akiingia kidato cha kwanza katika shule zetu za serikali, masomo karibu yote huanza kufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto ambaye hakuzoea kutafuta maana kwa Kiswahili, lugha anayoiota usiku, atapata tabu mara mbili akikutana na lugha ngeni.

Aina tatu za maswali ya ufahamu

Maswali ya ufahamu ni mengi, lakini yanaingia katika mafungu matatu.

La kwanza ni swali ambalo jibu lake limeandikwa wazi. Mtoto anatakiwa kulitafuta tu, kama mtu anayetafuta ufunguo mezani.

La pili ni swali ambalo jibu lake halikuandikwa, lakini dalili zake zipo. Mtoto anatakiwa kuunganisha jambo hili na lile, kama mwindaji anayeangalia nyayo.

La tatu ni swali la maoni na funzo: unajifunza nini, wewe ungefanya nini, kichwa gani kinaifaa habari hii. Hapa majibu yanaweza kuwa zaidi ya moja, ila kila jibu lazima lisimame juu ya habari yenyewe.

Watoto wengi hupata fungu la kwanza. Wanaangukia fungu la pili. La tatu hujibu kwa mazoea tu: "Tunajifunza tuwe na bidii."

Habari ya mazoezi

Nimeandika habari fupi hapa chini. Mtoto aisome mara moja kimyakimya, halafu mara ya pili kwa sauti.

Kila Jumamosi Mwanahawa alimsaidia bibi yake kupeleka mihogo gulioni. Siku hiyo hawajashusha hata viroba, mnunuzi mmoja mwenye pikipiki akawafuata.

"Shikamoo bibi," alisema kwa upole. "Leo mihogo imejaa kila kona. Nakuonea huruma tu, nitachukua yote kwa nusu ya bei ya wiki iliyopita."

Bibi alitazama juu. Wingu lilikuwa jeusi kama masizi. Akashusha pumzi, akapokea noti, akaanza kuzihesabu.

Mwanahawa alinyamaza, lakini macho yake hayakunyamaza. Yalitembea hadi chini ya mwembe, mahali ambapo wauza mihogo wote hupanga mafungu yao. Palikuwa na wauzaji wawili tu. Alimsogelea bibi, akamnong'oneza sikioni.

Bibi aliacha kuhesabu. Akamrudishia mnunuzi noti zake taratibu. "Asante mwanangu," alisema, "ngoja kwanza nipumzike kivulini."

Saa nne haijafika, mnunuzi alirudi. Safari hii hakutaja nusu.

Maswali na jinsi ya kuyajibu

1. Mwanahawa na bibi walipeleka nini gulioni, na siku gani? Jibu liko wazi: mihogo, siku ya Jumamosi.

2. Mwanahawa alimnong'oneza bibi nini? Hapa ndipo penye kazi. Habari haikusema. Mtoto akijibu "alimwambia mnunuzi ni mwizi", usimkatalie haraka. Mwulize: "Umejuaje?" Atarudi kwenye habari. Ataona kwamba mnunuzi alisema mihogo imejaa, lakini Mwanahawa aliona wauzaji wawili tu chini ya mwembe. Basi jibu lenye mguu wa kusimamia ni hili: alimwambia bibi kwamba mihogo gulioni ni michache.

3. Kwa nini bibi alitaka kukubali bei ndogo? Dalili ni mbili. Aliambiwa mihogo imejaa, na wingu lilikuwa jeusi. Aliogopa mvua imkute na mzigo haujauzika. Mtoto akitaja moja, mwulize kama hakuna nyingine.

4. "Safari hii hakutaja nusu" maana yake nini? Mnunuzi alikubali kuongeza bei.

5. Andika kichwa cha habari kisichozidi maneno matano. "Mihogo" ni kichwa kipana mno, kinaweza kuwa cha somo la kilimo. "Macho ya Mwanahawa" kinafaa. "Bibi Anusurika Kupunjwa" nacho kinafaa. Mtoto aeleze kwa nini amechagua chake.

6. Fupisha habari hii iwe theluthi ya urefu wake. Afunge kitabu au azime simu kwanza. Akifupisha huku anaangalia, atanakili. Akifupisha bila kuangalia, atasema alichoelewa.

Kutoka ufahamu kwenda fasihi

Wanafunzi wengi wa sekondari huliogopa somo la fasihi kwa sababu ya majina: fani, maudhui, dhamira, mandhari. Lakini aliyejibu maswali sita hapo juu ameshaanza uchambuzi bila kujua.

Maudhui ni yale yanayosemwa. Fani ni namna yanavyosemwa. Fikiria chai na kikombe: chai ndiyo maudhui, kikombe ndicho fani.

Dhamira ni jambo kuu linalozungumziwa. Katika habari yetu, dhamira mojawapo ni udanganyifu katika biashara. Ujumbe ni funzo tunalolipata: usiharakishe kuuza kabla hujahakikisha ulichoambiwa. Wengi huchanganya haya mawili. Dhamira inajibu swali "habari inahusu nini?" Ujumbe unajibu swali "basi tufanyeje?"

Mgogoro ni mvutano. Hapa upo kati ya bibi na mnunuzi kuhusu bei. Upo pia moyoni mwa bibi mwenyewe: auze sasa au asubiri na mvua inakuja?

Mandhari ni mahali na wakati. Ni gulioni, asubuhi, mvua ikikaribia. Mwambie mtoto aliondoe lile wingu jeusi kwenye habari, aone kama bibi bado angekubali haraka vile. Akigundua kwamba wingu lina kazi yake, ameelewa mandhari.

Wahusika tunawajua kwa maneno na matendo yao. Mnunuzi ni mtu gani? Ameamkia vizuri, amesema anaona huruma, lakini neno lake kuhusu mihogo halikuwa kweli. Jibu zuri litasema: ana adabu ya mdomo, ila ni mlaghai. Jibu dhaifu litasema: "ni mbaya." Tena uliza: umejuaje?

Matumizi ya lugha yapo pia. "Jeusi kama masizi" ni tashibiha, kwa kuwa inafananisha kwa neno "kama". "Macho yake hayakunyamaza" ni tashihisi, kwa kuwa macho yamepewa tabia ya mtu. Kutaja jina la tamathali peke yake hakutoshi. Mtoto aseme pia inaongeza nini: hapa tunajua kwamba Mwanahawa alikuwa kimya kwa mdomo huku anachunguza.

Je, na shairi?

Kosa kubwa kwenye ushairi ni kukimbilia kuhesabu vina na mizani kabla ya kujua shairi linasema nini. Kwanza mtoto aeleze kila ubeti kwa maneno yake. Halafu ahesabu.

Mizani ni silabi. Chukua "Mwanahawa gulioni": Mwa-na-ha-wa ni nne, gu-li-o-ni ni nne, jumla nane. Kipande cha mizani nane namna hii kikiunganishwa na kingine cha nane, unapata mshororo wa mizani kumi na sita, ambao ni wa kawaida sana katika mashairi ya kimapokeo. Kina ni silabi ya mwisho ya kipande, hapa ni "ni". Mtoto anaweza kutunga kipande cha pili mwenyewe jioni hii.

Kama wewe mzazi hukusoma

Usijiweke pembeni. Mitaala yetu inatambua ufahamu wa kusoma na ufahamu wa kusikiliza, na huu wa pili hauhitaji ujue herufi.

Wazee wetu walishapita njia hii. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya "Mtu ni Afya". Watu vijijini walikusanyika kwa vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasomewa kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kusikiliza kulifuatiwa na maswali, na maswali yakafuatiwa na kazi. Huo ulikuwa ufahamu wa kweli.

Nyumbani fanya hivi. Baada ya taarifa ya habari redioni, zima sauti kidogo, mwulize mtoto: Nani ametajwa? Ametaka nini au amefanya nini? Kumetokea nini? Umejuaje? Mwulize hivyo hivyo baada ya bibi kusimulia hadithi ya sungura na fisi. Na vitendawili msiviache. Mtoto anayejua kwamba "nyumba yangu haina mlango" ni yai ameshaelewa kwamba neno linaweza kusema hili na kumaanisha lile. Ndiyo sitiari hiyo anayofundishwa shuleni.

Vitabu tutavipata wapi?

Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao ambako vitabu vya kiada husomwa bila malipo kwa simu. Kwa walio karibu na Kibaha, Shirika la Elimu Kibaha lina maktaba. Shirika hilo ni matunda ya mradi ulioanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi nne za kaskazini mwa Ulaya, ukakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970.

Aliye mbali asikate tamaa. Kipande cha gazeti kilichofungia maandazi kina habari ndani yake. Maelezo kwenye mfuko wa mbegu au kwenye chupa ya dawa ya mikorosho ni kifungu cha ufahamu, tena chenye gharama: asiyeelewa kipimo hupoteza zao. Mpe mtoto akusomee, kisha mwulize tuchanganye kiasi gani, na amejuaje.

Dakika kumi na tano kila jioni zinatosha. Habari moja, maswali matatu, na lile moja lisikose kamwe. Siku mtoto atakapokujibu kwa kuweka kidole kwenye mstari na kusema "nimejulia hapa", ujue anaelewa anachosoma.