Mazungumzo ya wazazi na watoto kuhusu mambo yaliyopita

Mazungumzo ya wazazi na watoto kuhusu mambo yaliyopita ni maongezi ambamo mzazi na mtoto mdogo, hasa wa miaka 2 hadi 6, wanakumbushana tukio waliloshiriki wote: safari, ugonjwa, msiba au siku ya sokoni. Ni tofauti na hadithi. Wafipa wa mkoa wa Rukwa wana hazina kubwa ya hadithi, na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa miaka ya 1960, alichapisha mkusanyo wake mwaka 1978. Lakini hadithi ni ya kila anayeisikiliza, wakati katika kukumbushana mhusika mkuu ni mtoto mwenyewe.

== Namna za kuongea ==
Robyn Fivush, Elaine Reese na wenzao walionyesha kwamba wazazi hawakumbushani na watoto kwa namna moja. Tuseme familia ya Sumbawanga imerudi kutoka Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Mama mmoja atauliza, "Tulikwenda wapi?", na mtoto akinyamaza atarudia swali lilelile. Mwingine ataongeza: "Tulisikia maji yananguruma kabla hatujayaona. Wewe ulimshika baba mkono. Kwa nini?" Hata mtoto asipojibu, amepata kipande cha kushikilia. Watoto wanaozungumziwa kwa namna hii ya pili kwa kawaida husimulia kwa ukamilifu zaidi baadaye.

Mazoea ya jamii nayo yana uzito. Nchini New Zealand, utafiti wa mwaka 2000 uliwakuta watu wazima wa Kimaori wakikumbuka tukio lao la kwanza la wastani wa miezi 33 hivi, wakati wenzao wenye asili ya Ulaya walikumbuka la miezi 43 hivi. Wamaori huthamini sana masimulizi ya mambo yaliyopita.

== Lugha ==
Katika nyanda za juu za Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, mtoto anaweza kuongea Kiswahili shuleni na Kifipa kwa bibi yake. Jambo hili si dogo. Utafiti wa Viorica Marian na Ulric Neisser kuhusu watu wenye lugha mbili, uliochapishwa pia mwaka 2000, ulionyesha kwamba tukio hukumbukwa kwa urahisi zaidi katika lugha iliyotumika lilipotokea. Hivyo mtoto aliyepalilia mahindi na bibi kwa Kifipa huenda akaonekana hana la kusema akiulizwa kwa Kiswahili.

== Hatari ya kumwekea mtoto maneno ==
Swali lenye jibu ndani yake, kama "Yule jirani alikuchukua, sivyo?", likirudiwa mara nyingi linaweza kumfanya mtoto akumbuke jambo ambalo halikutokea. Kuongeza maelezo ya kile ambacho mzazi alikiona mwenyewe ni jambo jingine kabisa. Nchini Tanzania tofauti hiyo inaweza kufika mahakamani: tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya mwaka 2016, mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo.

== Vitabu vya kumbukumbu ==
Nchini Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa chama cha NACWOLA waliokuwa wakiishi na VVU walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu pamoja na watoto wao: mtoto alizaliwa wapi, nani alimpa jina, alipenda kula nini, ukoo wake umetoka wapi. Dawa za kurefusha maisha zilikuwa hazijawafikia wengi wao, na mama alijua kwamba huenda siku moja mtoto asiwe na mtu wa kumuuliza.