Minyoo watoboa gamba

Minyoo watoboa gamba ni minyoo wadogo wa bahari wa jenasi *Polydora* na jamaa zake (familia Spionidae), wanaoishi ndani ya magamba ya chaza na kombe. Jenasi hiyo ilielezwa na Bosc mwaka 1802. Mnyoo huyeyusha chokaa kwa kemikali na kukwangua kwa miiba minene ya pingili ya 5, akichimba njia yenye umbo la U. Hali nyama ya mwenyeji wake, yaani chaza au kombe. Hunasa chembe majini kwa minyiri miwili. Tope likijaa njiani, mwenyeji hulifunika kwa tabaka jipya na lengelenge jeusi hutokea upande wa ndani. Kwa wafugaji wa chaza-lulu, kama wale wa Fumba, Zanzibar, lengelenge hilo ni hasara halisi, kwani nusu-lulu (lulu iliyoshikamana na gamba) hukatwa pamoja na gamba. Ili kuwaondoa minyoo, magamba husuguliwa au kulowekwa kwa muda mfupi katika maji baridi yasiyo na chumvi.